Zege Laweza Kubeba Viwanda Mama

Mwezi Januari 2024 Taifa lilianza kutekeleza mitaala mipya iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Kwa mitaala hiyo, kijana anayeingia sekondari amefunguliwa njia mbili: mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Huu ni uamuzi mzito na wa haki. Lakini amali haifundishwi kwa ubao na chaki peke yake. Kijana anayetaka kuwa fundi mitambo hana budi kusimama mbele ya mashine, kuiwasha, kuipima kazi yake, kuiharibu kazi hiyo, na kuirudia mpaka mkono na jicho vielewane. Asipoipata mashine hiyo, atahitimu akiwa amekariri majina ya vyuma ambavyo hajapata kuvigusa.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo halina budi kujibiwa mapema na wote wanaohusika, tangu mwalimu mkuu hadi ofisa mipango wizarani. Mashine hizo zitatoka wapi? Jibu la mazoea ni kwamba zitaagizwa kutoka nchi za nje. Jibu hilo ni jepesi kutamka, lakini ni zito kulipia. Karakana moja ikihitaji makerezo machache tu, karakana mamia zitahitaji maelfu. Na kila mashine iliyoagizwa itadai vipuri vya kuagizwa, mpaka siku bajeti ya shule itakapoelemewa na mashine kufunikwa turubai.

Liko jibu la pili, ambalo wengi hulicheka kabla ya kulisikiliza: kwamba sehemu iliyo kubwa na nzito kuliko zote katika kerezo, yaani kitako chake, si lazima iwe ya chuma. Yaweza kuwa ya zege.

MWILI WA MASHINE

Ili hoja hiyo ieleweke, hapana budi kuanza na kazi ya kitako. Kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha kazi huku kisu kigumu kikikichonga polepole, mpaka kiwe mhimili, puli, skrubu au kitovu cha gurudumu. Kwa kuwa mashine nyingi huhitaji vipande vya mviringo, kerezo huhesabiwa miongoni mwa mashine zinazozaa mashine nyingine. Nchi yenye makerezo na watu wanaoyamudu yaweza kutengeneza pampu na jembe la trekta. Nchi isiyo nayo hungojea meli.

Kitako ndicho mwili mzito unaolala chini na kubeba sehemu zote: kichwa chenye mhimili unaozunguka, kibebeo cha kisu, na reli ambazo kibebeo hicho huteleza juu yake. Kitako hakizunguki wala hakikati. Kazi zake ni tatu: kisipinde kisu kinaposukuma, kisitetemeke kazi inapozunguka, na kisibadili umbo siku zinavyopita. Kitako kikipinda hata kwa sehemu chache za mia za milimita, mhimili utatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Kikitetemeka, uso wa kazi utakuwa na mawimbi kama mchanga wa ufukweni.

Kwa zaidi ya miaka 150 kazi hizo zimefanywa na chuma cha kusubu cha rangi ya kijivu. Chuma hicho huyeyuka kwenye joto la nyuzi takriban 1,200 za sentigredi, humiminwa katika kalibu kwa urahisi, na vipande vya risasi nyeusi vilivyomo ndani yake husaidia kuzima mtetemo. Ni mali njema, na hakuna mwenye akili timamu atakayekibeza. Lakini chuma hicho hudai tanuru kubwa, makaa au umeme mwingi, kalibu za ustadi, na mashine nyingine kubwa zaidi za kukwangua kitako baada ya kusubiwa. Kwa maneno mengine, asiye na mashine kubwa hawezi kutengeneza mashine ndogo. Huo ndio mzunguko unaozifunga nchi changa nje ya mlango wa viwanda.

Ukweli kwamba chuma si amri ya maumbile unaonekana katika historia yenyewe. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mafundi walikereza matendegu ya vitanda kwa keezo la mbao, chombo kilichozungushwa kwa uta na kushikiliwa kwa mkono na mguu. Huko Ulaya nako makerezo ya kale yalikuwa na vitako vya mbao. Mwishoni mwa karne ya 18, Henry Maudslay wa Uingereza alipotengeneza makerezo yake mashuhuri ya kukata skrubu, chuma kilichukua nafasi ya mbao kwa sababu kazi ilidai usahihi zaidi, na kwa sababu Uingereza ilikuwa na chuma na makaa tele. Kila nchi huanza na kilichomo katika ardhi yake.

VITA VILIVYOFUNDISHA

Hata nchi tajiri zilipobanwa ziliikumbuka kanuni hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ulaya yalipungukiwa vibaya na makombora, na katika mwaka 1915 upungufu huo uliitikisa serikali ya Uingereza. Viwanda vilihitaji makerezo makubwa ya kuchonga makombora, na vilihitaji upesi. Lakini kusubu na kukwangua vitako vikubwa vya chuma kulichukua muda mrefu mno. Mhandisi mmoja wa Chicago nchini Marekani, Lucien Yeomans, aliikabili shida hiyo kwa njia ambayo wenzake hawakuizoea. Alitengeneza makerezo yenye miili ya zege.

Ubunifu wake haukuwa katika zege peke yake, bali katika namna ya kupata usahihi bila mashine kubwa za kukwangua. Mwili wa zege uliweza kuwa na kasoro za hapa na pale, kwa kuwa usahihi haukutafutwa ndani yake. Sehemu za chuma zilizohitaji kunyooka zilipangwa mahali pake kwa vipimo, zikashikiliwa zisisogee, kisha nafasi iliyobaki kati yake na mwili ikajazwa madini laini yaliyoyeyushwa. Madini hayo yalipoganda, sehemu zilibaki pale pale zilipopangwa. Usahihi ulitoka katika kupima kwa subira, si katika kumiliki mashine ghali.

Katika Vita Kuu ya Pili jambo kama hilo lilijirudia. Chuma kilipokuwa adimu, Wallace Herman wa Dayton, Ohio, alitengeneza meza za kupimia za granaiti badala ya zile za chuma. Jiwe hilo lilionekana halishiki kutu, halijikunji, na likigongwa humeguka kidogo bila kuinua kingo za kuharibu kipimo. Vita vilikwisha, chuma kikapatikana, lakini viwanda havikurudi nyuma. Leo meza za granaiti zimo katika vyumba vya vipimo vya viwanda duniani kote.

Kisha katika miaka ya 1970 kampuni ya Studer ya Uswisi, mashuhuri kwa mashine za kunoa na kusawazisha vyuma kwa usahihi wa hali ya juu, ilianza kutengeneza vitako vya mashine zake kwa mchanganyiko wa kokoto za mawe na gundi ya epoksi, ikauita Granitan. Hapa wale wanaosema kwamba kitako kisicho cha chuma ni kitu cha watu maskini hawana budi kunyamaza kidogo. Uswisi haikukosa chuma wala fedha za kukinunua. Iliacha chuma kwa sababu mchanganyiko huo huzima mtetemo hadi takriban mara kumi kuliko chuma cha kusubu, na humiminwa bila tanuru.

HESABU ZA MWALIMU

Mwalimu wa fizikia anaweza kulithibitisha jambo hili kwa darasa lake. Chuma cha kijivu kina uzito wa kilo zipatazo 7,200 kwa mita moja ya ujazo. Zege lina kilo zipatazo 2,400, yaani theluthi moja. Ukakamavu wa zege, yaani nguvu yake ya kukataa kunyumbuka, nao ni kama theluthi moja ya ule wa chuma hicho. Kwa haraka mtu atasema kwamba zege limeshindwa. Lakini ukakamavu wa boriti hukua kwa kipeo cha tatu cha kina chake. Boriti ya zege ikiongezwa kina mara moja na nusu tu, ukakamavu wake huongezeka zaidi ya mara tatu, na hivyo kulingana na boriti ngumu ya chuma yenye upana ule ule. Na bado uzito wake utakuwa kama nusu ya uzito wa ile ya chuma.

Aidha, zege na chuma cha nondo hutanuka kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana sana. Ndiyo maana maghorofa hayapasuki jua linapowaka, na ndiyo maana reli za chuma zaweza kukaa juu ya kitako cha zege bila kuvutana vikali. Zege pia hupata joto polepole, kwa hiyo mabadiliko ya asubuhi na mchana hayakisumbui kitako upesi. Lakini ukweli wote lazima usemwe: kwa kuwa halisambazi joto upesi, upande mmoja ukipigwa na jua la dirishani huku wa pili ukiwa kivulini, kitako chaweza kupinda. Dawa yake ni kuchagua mahali pa kuiweka mashine.

HOJA ZA WAPINZANI

Wapo watakaosema kwamba zege hupasuka. Ni kweli, zege lina nguvu kubwa likibanwa na nguvu ndogo likivutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Lakini kila mjenzi wa daraja analijua hilo, na jibu lake ni nondo, au fimbo za chuma zilizokazwa kwa nati mpaka zege likae katika hali ya kubanwa daima. Kilichobeba magari juu ya mto hakiwezi kushindwa kubeba kisu cha kerezo.

Wapo watakaosema kwamba zege hujikunja likikauka. Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, na mwenye kuipuuza ataharibu kazi. Zege la kawaida laweza kupungua kiasi cha nusu milimita katika kila mita moja, nayo kerezo hudai usahihi wa sehemu za mia za milimita. Kupungua huko huendelea kwa miezi mingi. Fundi atakayemimina kitako Jumatatu na kufunga reli Ijumaa atatengeneza mapambo, si mashine. Lakini hata chuma cha kusubu kina maradhi ya jinsi hiyo: viwanda vingi vya zamani viliacha vitako vya chuma nje, juani na mvuani, kwa miezi kadhaa ili mivutano ya ndani itulie kabla ya kukwanguliwa. Subira iliyodaiwa na chuma hudaiwa pia na zege. Maji yawe machache katika mchanganyiko. Zege linyeshewe vizuri siku za mwanzo. Kisha liachwe likauke kwa miezi. Lipakwe rangi ya kuzuia unyevu na mafuta. Na reli zifungwe mwishoni, juu ya skrubu za kurekebishia, ndipo nafasi ijazwe epoksi isiyopungua.

Anayetaka kukwepa subira hiyo aweza kufuata njia ya Uswisi, ya mawe na epoksi. Siri yake ni kupanga kokoto za ukubwa mbalimbali, kama mama anayejaza kapu kwa maboga, akaziba nafasi kwa machungwa, na nafasi zilizobaki akazimiminia mchele. Mchanganyiko uliopangwa hivyo huwa na mawe takriban asilimia 90 au zaidi kwa uzito, na gundi kidogo tu. Epoksi hutoka nje na bei yake si ndogo. Lakini kuagiza sehemu moja ya kumi si sawa na kuagiza mzigo mzima. Mawe hayaagizwi. Anayetaka kujua kama nchi ina matale na asimame Mwanza atazame ziwani. Nayo saruji imekuwa ikitengenezwa Wazo Hill tangu mwaka 1966, na Tanga tangu 1980.

Wapo, mwishowe, watakaosema kwamba mashine ya zege ni duni, na kwamba vijana wa nchi hii wanastahili mashine kama za wenzao. Hii ni kasumba iliyovaa joho la huruma. Hakuna anayeshangaa kuona jenereta au mashine kubwa ya kusaga imefungwa juu ya msingi wa zege. Mshangao huanza zege linapopanda nusu mita na kuwa sehemu ya mashine yenyewe. Kadhalika hakuna anayependekeza kwamba kerezo la zege lililotengenezwa wilayani lichonge sehemu za injini ya ndege. Kazi yake ni kumfundisha kijana, na kutengeneza mihimili ya mashine za kukoboa, puli, na vipuri vya pampu za visima. Kazi hizo ndizo nyingi, na ndizo zinazokwama.

NINI KIFANYIKE

Fikra ya kutengeneza mashine zinazozaa mashine si ngeni katika nchi hii. Mkakati wa viwanda vya msingi wa miaka ya 1970 uliisema wazi. Huko Mang'ula, katika bonde la Kilombero, karakana kubwa ya mitambo ilitokana na ujenzi wa reli ya TAZARA, na mkoani Kilimanjaro kikajengwa kiwanda cha mashine kwa ushirikiano na Bulgaria. Safari ya viwanda hivyo ilikuwa na mabonde mengi kuliko vilima. Lakini fikra iliyovianzisha ilikuwa sahihi, na makosa ya utekelezaji hayaifanyi kuwa batili. Chuma cha Liganga nacho kimezungumzwa kwa miongo mingi. Siku kitakapomiminika kwa wingi, kitapokewa kwa shangwe. Lakini kijana aliye kidato cha kwanza leo hawezi kuambiwa akae chini ya mwembe akikingoja.

Kwa hiyo mambo matatu yanafaa kufanywa. La kwanza ni majaribio ya kweli. TEMDO ya Arusha, SIDO na vyuo vya ufundi vina wataalamu wanaoweza kutengeneza vitako vichache, vya zege na vya mawe kwa epoksi, na kuvipima kwa mwaka mzima: vimepinda kiasi gani, vimetetemeka kiasi gani, vimebadilika kiasi gani masika na kiangazi. Matokeo yatangazwe, mazuri na mabaya. Teknolojia nyingi zilizoitwa rahisi zilikufa kwa sababu zilizinduliwa kwa ngoma kabla ya kupimwa kwa rula. Kosa hilo lisirudiwe.

La pili ni juu ya watumishi wa umma wanaoandika zabuni. Karatasi ya zabuni inayosema kwamba kitako lazima kiwe cha chuma cha kusubu humfungia mlango fundi wa hapa nchini kabla hajabisha hodi. Zabuni na iseme kinachotakiwa: usahihi kiasi gani, ukakamavu kiasi gani, dhamana miaka mingapi. Shirika la Viwango liweke vipimo, na mashine ihukumiwe kwa kazi yake, si kwa rangi ya mwili wake. Mashine ya zege isiyofikia vipimo ikataliwe bila huruma, na ya chuma isiyofikia ikataliwe vile vile.

La tatu ni la walimu. Kutengeneza kitako cha zege ni somo kamili la amali. Ndani yake mna hesabu ya kipeo cha tatu, kemia ya saruji, fizikia ya mtetemo, ufundi wa kalibu, na zaidi ya yote mna nidhamu ya kupima. Shule yenye seremala wa kalibu, mwashi na mwalimu mwenye saa ya kupimia inaweza kuanza na benchi la tupa, kisha mashine ndogo ya kutobolea, na hatimaye kerezo. Mhimili, beringi na reli zitanunuliwa, kwani hakuna anayedai kila kitu kifanyike kwa siku moja. Lakini mwanafunzi aliyeunda mwili wa mashine kwa mikono yake hataiogopa ikiharibika, wala hatangoja mtaalamu kutoka ng'ambo aje kukaza bolti.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema kwamba mtu asinunue kwa nduguye. Walionya juu ya kuketi na kungoja. Kila kijiji nchini kina mtu anayejua kuchanganya zege, na mikoa mingi ina mawe yaliyongoja tangu kuumbwa kwa dunia. Kilichopungua ni mtu wa kuyapima, mtu wa kuyaruhusu na mtu wa kuyafundisha. Watu hao watatu wako ofisini na darasani, na kazi inawangoja.